Karatasi Yenye Sahihi Mbili

Mimi na Redio tulikaa mashine moja miaka tisa, yeye kulia, mimi kushoto, tukipigilia vishikio vya sufuria. Kazi yenyewe haina siri. Sufuria inakuja ikiwa imeshakandamizwa na kung'arishwa, unaiegemeza kwenye nundu ya chuma, unapachika kishikio, unaweka ribiti mbili, vile visumari vya kukishikiza, unakanyaga pedali, tah. Unageuza upande wa pili, tah. Unampa mwenzako. Ukikaa na mtu namna hiyo miaka tisa, unamjua hata anapokohoa kama ni mafua au ni hasira.

Jina la Redio tulimpa kwa ajili ya sauti yake. Saa ya chakula alikuwa akitusomea gazeti, kuanzia habari kubwa mpaka matangazo ya vifo, na wanaume wa tanuru walikuja na sahani zao kukaa karibu. Alisoma bila haraka. Penye nukta alipumzika. Akikutana na neno gumu hakuliruka kama mbuzi anavyoruka mtaro. Alilishika, akalivunja vipande, akaendelea.

Mumewe alikuwa mtu wa presi. Presi ndiyo mashine inayokandamiza bati la mviringo likawa sufuria, na inaposhuka hairudi nyuma kwa kuombwa. Zamani mbele ya kila presi kulikuwa na wavu wa chuma uliojifunga kwanza, ili mkono wa mtu usibaki ndani. Wavu ulikuwa salama lakini ulichelewesha. Mwaka wa uchaguzi kiwanda kikapata oda ya sufuria ndogo elfu ishirini, za kugawiwa wapiga kura bure, kila moja imebandikwa sura ya Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa mgombea, na alikuwa rafiki wa Tajiri, mwenye kiwanda. Siku zilikuwa chache. Nyavu zikaondolewa kwenye presi zote nne, tukaambiwa ni kwa muda tu. Siku ya nne, saa nne asubuhi, presi namba mbili ilishuka mkono wa kulia wa mume wa Redio ukiwa ndani.

Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba Redio hakupiga kelele. Alivua aproni yake, akaufunga mkono ule, na muda wote alikuwa akimwambia mumewe maneno yaleyale: "Nitazame mimi. Usitazame huko. Nitazame mimi."

Hospitali walimkata juu ya kifundo cha mkono. Uongozi wa kiwanda ukaandika kwamba ni uzembe wa mfanyakazi. Chama chetu cha wafanyakazi kikaja juu. Katibu wa tawi alikuwa kaka mkubwa wa mgonjwa, baba mmoja mama mmoja, mtu wa idara ya kung'arisha. Alisimama getini akaapa mbele yetu kwamba kesi ile itafika mahakama ya kazi hata ikibidi aibebe mgongoni.

Miezi ikapita, kesi ikapoa. Ukimuuliza Katibu anakwambia mambo ya sheria yana mlolongo. Halafu, bila sisi kutegemea, kiwanda kikatia sahihi mkataba wa pamoja na chama, mkataba tuliokuwa tukiudai tangu enzi za marehemu katibu wa kwanza. Watu mia tatu na kumi tuliokuwa vibarua wa kila siku tukawa waajiriwa wa kudumu. Tukapata likizo ya uzazi. Tukapata barakoa za vumbi. Siku ile tulicheza getini mpaka walinzi nao wakacheza. Redio naye alicheza, nakumbuka vizuri.

Mumewe hakurudi kiwandani. Alifungua kibanda cha kuchaji simu mbele ya nyumba waliyopanga, akajifunza kuandika namba za wateja kwa mkono wa kushoto. Mheshimiwa alishinda kiti chake. Maisha yakaenda hivyo miaka mitatu.

Kisha siku moja Redio akaitwa ofisini kwa Meneja Utumishi.

Yule meneja alikuwa mpole, mtu wa kunong'ona, na wenye kumjua walisema ndipo pa kumwogopa. Alimpa Redio kiti. Hakuna kati yetu aliyewahi kupewa kiti katika ofisi ile. Akamuuliza hali ya mume. Akafungua faili, akatoa karatasi moja, akamgeuzia asome mwenyewe.

Yaliyoandikwa yalikuwa machache. Chama kinaondoa madai yake yote kuhusu ajali ya presi namba mbili, na hakitayafufua. Kampuni, kwa upande wake, itatia sahihi mkataba wa pamoja ndani ya siku kumi na nne. Chini yake palikuwa na sahihi ya shemeji yake, ile yenye mkia mrefu kama wa panya, ileile aliyoitia kwenye cheti chao cha ndoa aliposimama shahidi.

"Sikukuonyesha ili nikuumize, mama," Meneja akasema. "Nimeona una haki ya kujua."

"Miaka mitatu haki hiyo ilikuwa wapi?"

Meneja akafunga faili. Alimweleza kwamba kuna muswada bungeni kuhusu vyama vya wafanyakazi, na kamati inakusanya maoni ya wananchi. Matajiri wamesema, vyama vimesema. Kinachokosekana ni sauti ya mfanyakazi wa kawaida aliyeumizwa na chama chake. Akasema hotuba itaandaliwa, yeye atasoma tu.

Redio akasema nipe siku moja. Kesho yake akakubali.

Aliniambia yote haya tukiwa kwenye mashine, kati ya tah na tah, bila kunitazama. Mguu wangu ulisimama juu ya pedali.

"Umemwambia mumeo?"

"Nimwambie nini, Mama Pacha? Yule mtu amebakiwa na vitu viwili duniani, mkono wa kushoto na kaka yake. Nimkate na huo?"

"Na kule bungeni?"

"Kule nitasema chama. Sitataja mtu."

"Lakini muswada wenyewe umetusomea wewe mwenyewe hapa. Kila mwaka uanachama unakufa, anayetaka kubaki aende akatie sahihi upya ofisini, mbele ya mwajiri. Nani atakwenda? Unajua unatukaba sisi, siyo shemeji yako."

Akachukua sufuria nyingine, akapachika kishikio.

"Nyinyi mlicheza getini," akasema.

Nikakanyaga pedali, tah. Tulimaliza zamu.

Jumapili iliyofuata Katibu alikwenda kwao kumsalimia mdogo wake, kama alivyozoea kila wiki. Walikaa kibarazani, simu za watu zikichaji pembeni, wakaanza mjadala wao wa siku zote. Redio alinisimulia kesho yake.

"Tajiri ana mbunge wake, ana wakili wake, ana gazeti lake," Katibu alisema. "Sisi tuna ada ya chama na miguu ya kuandamania, basi. Sasa hata hiyo ada wanataka tukaiombee ruhusa mezani kwao."

"Ni kweli, kaka. Lakini na nyinyi makao makuu mlimpigia kampeni mgombea wenu kwa ada hiyohiyo. Mimi mwenye ada sikuulizwa."

"Alikuwa mtu wetu yule."

"Alikuwa. Siku hizi anapita na gari la vioo vyeusi, hata ukimpungia mkono hujui kama amekuona au amelala."

Wakacheka wote wawili, kicheko chao kimoja. Redio akaleta chai. Katibu akaonja, akafanya utani wa mashemeji: "Shemeji, chai hii imenuniwa. Haina sukari kabisa, una kesi na mimi?"

"Sukari iko hapo, shemeji. Mikono unayo miwili."

Mumewe aliangalia chini, akadhani mkewe amechoka tu. Katibu hakuongeza sukari. Aliinywa chai vilevile mpaka tone la mwisho, akaaga.

Siku ya kamati kiwanda kilitupa basi. Tulichaguliwa watu arobaini, tukavalishwa fulana nyeupe zilizoandikwa UHURU WA MFANYAKAZI kifuani. Mimi nilichaguliwa kwa sababu Redio alisema haendi bila mimi. Ukumbi ulikuwa na viti vya kukunja na feni mbili, moja inazunguka. Upande wa pili walikaa watu wa chama wenye kofia nyekundu, na mbele yao Katibu Mkuu wa taifa, amevaa suti ya kijivu, ambaye tulimwona akishuka kwenye gari kubwa kuliko la Tajiri. Katibu wetu wa tawi alikuwa nyuma yao, ameshika kofia yake mapajani. Tajiri mwenyewe alikaa safu ya tatu karibu na mlango, ametulia, kama mtu anayemsubiri mkewe atoke saluni.

Na mezani katikati, mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa.

Walisema wengi. Katibu Mkuu alisema muda mrefu kuhusu mikataba ya kimataifa, na hakutaja jina la mashine hata moja. Mwakilishi wa wenye viwanda alisema vyama vimekuwa vyama vya siasa, vinafukuza wawekezaji. Kila upande ulipiga makofi kwa zamu yake. Kisha akaitwa Redio.

Alisimama mbele ya kipaza sauti, karatasi mkononi. Alipofungua mdomo niliona waandishi wa habari wakiinua vichwa. Wakili wa kampuni alikuwa ameandika vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini sauti ile ingeweza kusoma hata kanuni za kuegesha magari na watu wakalia. Alisoma kuhusu mumewe na presi, alisoma jinsi madai yalivyoachwa, akasoma kwamba mfanyakazi hana pa kukimbilia pale mlinzi wake anapomgeuka. Upande wa kofia nyekundu walikuwa wameinama.

Akafika kwenye sentensi hii: "Madhara niliyoyapata nimeyapata kutoka kwa chama..." Akanyamaza.

Sisi tulidhani anapumzika. Lakini hapakuwa na nukta.

"Endelea, mama," Mheshimiwa akasema.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa pameandikwa 'peke yake'. Kutoka kwa chama peke yake. Neno hili siwezi kulisoma."

Watu wachache wakacheka, wakidhani neno limemshinda. Wakili wa kampuni akainuka kidogo kitini.

"Ruka basi, uendelee."

"Siyo kwamba ni gumu. Siyo la kweli." Akakunja karatasi mara mbili. "Shemeji yangu aliuza mkono wa mume wangu. Karatasi nimeisoma. Sikulala siku tatu nikimlaani. Lakini karatasi ile ina sahihi mbili. Moja ya shemeji yangu, moja ya kampuni. Kama kuna aliyeuza, kuna aliyenunua. Nimeusoma muswada huu wote, vifungu ishirini na sita. Aliyeuza ametajwa kila ukurasa. Aliyenunua nimemtafuta, sikumwona."

Akaigeukia meza ya kamati.

"Kuna kifungu kinakataza chama kumchangia mgombea. Hicho nakikubali, kwa sababu walichangia na mimi sikuulizwa. Nikatafuta kifungu kinachomkataza mwenye kiwanda. Hakuna. Na mkono wa mume wangu haukukatwa na chama. Ulikatwa na presi isiyo na wavu, na wavu ulitolewa ili sufuria za uchaguzi ziwahi. Sufuria hizo nilizipigilia mimi na mwenzangu yule pale. Zilikuwa na sura yako, Mheshimiwa."

Taa nyekundu ya kipaza sauti ikazimika.

"Muda wako umekwisha, mama," Mheshimiwa akasema. Hakuonekana na hasira. "Kamati inakupa pole kwa yaliyokupata. Anayefuata."

Redio alirudi kukaa. Hakuna aliyepiga makofi. Sisi wa fulana nyeupe tuliogopa, na wale wa kofia nyekundu waliona haya. Nilimtafuta Katibu wetu kwa macho, nikakuta kiti chake kitupu.

Ndani ya basi hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa mimi. Tulikwenda kitambo. Halafu akanigeukia, uso umebadilika rangi.

"Mama Pacha, mambo yale yalikuwa yanatangazwa?"

"Moja kwa moja. Tangu asubuhi."

Akajiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa ameapa atasema chama, asitaje mtu. Alikuwa ametaja.

Alipofika nyumbani alikuta kibanda kimefungwa mchana kweupe, na wateja wawili wamesimama nje wakidai simu zao. Mumewe alikuwa ndani, amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, kama mtu anayetaka kutoka na hajui aende wapi.

"Umeniambia mimi pamoja na nchi nzima," akasema.

"Nilitaka kukukinga."

"Ulinikinga mpaka nikasikia mbele ya mteja. Alikuwa ananipa simu yake. Akanitazama mkono, halafu akaniambia pole, bosi. Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," alirudia. Akatoka kuwapa wateja simu zao.

Hakumgombeza. Redio alisema ingekuwa afadhali angegombeza. Alikula alichopikiwa, akajibu alichoulizwa, akamwita mama watoto kama kawaida, lakini alikuwa kama mpangaji mwema. Redio alikuja kazini macho yamevimba, akapigilia vishikio, na saa ya chakula gazeti likabaki limekunjwa. Lilikuwa na picha yake ukurasa wa pili.

Siku ya tatu Katibu alikwenda. Ilikuwa mchana, Jumamosi, na alikuwa na nguo za kazi, masizi ya kung'arishia bado yako shingoni. Hakukaribishwa kiti na hakukitafuta. Alisimama mlangoni.

"Mdogo wangu, waliniwekea mezani vitu viwili. Huku kesi yako, huku watu mia tatu na kumi wasio na ajira. Wakaniambia chagua, na tukitoka humu ndani hakuna cha kuchagua tena. Ningefanyaje?"

"Sijui," mumewe Redio akasema. "Pengine ningefanya kama wewe."

"Sasa?"

"Ungeniuliza, kaka. Nilikuwa wodini, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Ulikuja kila jioni na machungwa, ukanimenyea. Siku zote hizo mdomo ulikuwa nao."

"Niliogopa utakataa."

"Wewe uliogopa nitakataa. Unajua mimi niliogopa nini? Kesi ilipokwama, nilisema kama kaka yangu mwenyewe ameiacha, basi ameuliza watu, akakuta ni kweli. Nilizembea. Miaka mitatu kila nikifumba macho najiuliza niliuweka mkono wapi. Labda nilikuwa naangalia pembeni. Labda nilikuwa naongea. Miaka mitatu, kaka, nimekuwa nikijitafutia kosa."

Redio alikuwa jikoni anasikia. Aliniambia ufagio ulimdondoka. Amelala na mtu yule kitanda kimoja miaka yote hiyo na hakujua kwamba anabeba hilo. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akalia mpaka jirani akaja kumuuliza nani amefariki.

Aliporudi ndani, Katibu alikuwa amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na mdogo wake amekaa kitandani, wote wawili wanatazama sehemu moja ya sakafu. Hawakuwa wameshikana mikono wala kusameheana. Walikuwa wamekaa tu. Redio akaweka maji ya chai jikoni kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Wiki iliyofuata Katibu aliitisha mkutano getini. Alipanda juu ya kreti, akaisoma ile karatasi mwenyewe, neno kwa neno, akasoma na sahihi yake. Akasema anajiuzulu. Watu walimzomea. Wengine wakasema msimzomee, nani kati yenu aliyeukataa mkataba? Ugomvi ukazuka pale pale, watu wa idara moja wakisukumana vifuani, huyu anamwita yule msaliti, yule anamwita huyu mnafiki. Mimi nilinyamaza. Pacha wangu walizaliwa mwaka uliofuata mkataba. Miezi mitatu niliyokaa nyumbani kuwanyonyesha ilitoka kwenye karatasi ile. Ningemzomea kwa mdomo gani?

Muswada ulipita. Walirekebisha kifungu kimoja tu, wakaongeza herufi iliyokosekana kwenye neno. Mheshimiwa baadaye akapandishwa cheo. Redio hakufukuzwa, maana magazeti yalikuwa bado yanamkumbuka, lakini alihamishiwa ghala la chakavu, nyuma kabisa karibu na ukuta, kuchambua mabati yaliyoharibika. Ni kazi ya kimya, inakata vidole. Kwenye mashine yetu akaletwa msichana mpya ambaye hasemi, na sikumlaumu.

Mwezi wa kwanza fomu zikaletwa. Sheria mpya ilitaka kila anayetaka kubaki mwanachama aingie ofisini kwa Meneja, mmoja mmoja, atie sahihi mbele yake. Hakuna aliyetutisha. Meneja alikuwa mpole vilevile, amekaa, kalamu imewekwa juu ya fomu, na kwenye dirisha nyuma yake unaona vibarua wapya waliosimama nje ya geti wakisubiri nafasi. Kati ya watu mia tatu na kumi, sitini na wawili walitia sahihi.

Mimi sikutia. Nilipanga foleni, nikafika mpaka mtu wa tatu kutoka mlangoni, nikawakumbuka watoto, nikajifanya nimeitwa. Nasema hili kwa sababu nimeamua kusimulia yote.

Redio alikuwa mbele yangu, alikuja moja kwa moja kutoka ghala, vidole vimefungwa vitambaa. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia Meneja: "Hata wewe, mama? Baada ya yote waliyokutenda?"

"Nionyeshe pa kutia," akasema.

Akatia, akatoka. Alinipita pale kwenye foleni akanigusa bega kidogo. Aliporudi ghala mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenye mstari. Hakuniuliza, siku ile wala baadaye.

Mumewe amefungua kesi yake mwenyewe. Wakili wa msaada wa kisheria alimwambia chama kiliondoa madai ya chama, lakini mkono haukuwa wa chama, na kwamba itakuwa ngumu kwa sababu muda umepita sana. Shahidi wake wa kwanza ni kaka yake. Atasimama kizimbani aeleze kwamba wavu uliondolewa, nani aliamuru, na jinsi yeye mwenyewe alivyonyamaza. Kwa hilo anaweza naye kushtakiwa, wakili alimwonya, akasema anajua.

Nyumbani kwao maneno yamerudi kidogo kidogo. Redio anasema siku moja mumewe alimwamsha alfajiri, akamuuliza wavu ulitolewa siku gani hasa, akamjibu Jumatatu, na presi ilishuka Alhamisi. Akamwomba amwambie tena. Akamwambia tena. Akalala.

Kesi imeahirishwa mara nne. Mara ya kwanza hakimu alikuwa mgonjwa, mara ya pili wakili wa kampuni alisafiri, mara mbili hatukuelezwa. Kila mara ndugu wale wawili wanakwenda, wanakaa kwenye benchi la korido, wanaitwa, wanaambiwa tarehe nyingine, wanarudi. Ya tano ni mwezi ujao, Jumanne ya pili. Jana niliandika barua ya kuomba ruhusa ya siku hiyo, nikaipeleka ofisini mwenyewe. Meneja aliisoma, akaniuliza nina shughuli gani. Nikamwambia nakwenda mahakamani.